Kuiba na Kuibia

Kalamu nyekundu ya mwalimu ina tabia moja mbaya: hutangulia akili yake. Jioni moja ya mwezi wa Oktoba nilikuwa nimeketi katika chumba cha walimu, nasahihisha madaftari ya kidato cha sita, huku mvua ya Tororo ikiyapiga mabati kwa kishindo kinachomfanya mtu asijisikie hata akikohoa. Daftari moja lilifunguka kwa nyuma. Katika ukurasa wa mwisho palikuwa na majina 19 yaliyopangwa kwa mwandiko mzuri, kila jina limefuatwa na tarakimu 20,000, kisha neno "amelipa" au "bado". Chini ya orodha hiyo mwenye daftari alikuwa ameandika: "Pesa ilibaki italetwa Ijumaa kabla ile kitu haijafika." Kalamu yangu ikakata "ilibaki italetwa", ikaandika juu yake "zilizobaki zitaletwa". Ikaendelea, ikakata "ile kitu haijafika", ikaandika "kile kitu hakijafika". Nilikuwa nimekwisha kuvuta daftari la mwanafunzi mwingine ndipo nilipohisi baridi mgongoni. Nikalirudia lile la kwanza. Kitu gani hicho?

Mwalimu wa watahiniwa hahitaji kuelezwa. Zilikuwa zimebaki wiki chache mitihani ya mwisho ianze, na msimu huo, kama msimu wa kumbikumbi, huwa na wachuuzi wake. Hupiga simu, hutuma ujumbe, hujiita majina ya heshima, na huahidi karatasi ambazo wino wake bado haujakauka.

Shule ninayofundisha iko nje kidogo ya mji wa Tororo, mashariki mwa Uganda, mahali ambapo ule mwamba mkubwa huonekana karibu kutoka kila dirisha. Mpaka wa Malaba hauko mbali. Wanafunzi wangu hufika kidato cha kwanza wakiwa na Kiswahili tayari mdomoni, lakini ni Kiswahili cha foleni ya malori: "mimi iko nakuja", "lete ile kitu". Majumbani mwao husikika Kidhopadhola, Kiteso, Kisamia na Kigisu. Kazi yangu ni kukipokea Kiswahili hicho cha barabarani na kukiketisha darasani bila kukitia aibu. Mwaka huo nilikuwa na watahiniwa 23 wa Kiswahili. Mwenye daftari lile, mweka hazina wa mpango wote, alikuwa ndiye bora kuliko wote, kijana wa mpakiaji wa mifuko ya saruji, ambaye nilikuwa nimekwisha kumwambia mkuu wa shule kwamba angetuletea alama ya A.

Ninyi mnaonisoma mkijifunza lugha hii mmekwisha kukutana na jamii ya neno mtihani. Anayepimwa ni mtahiniwa. Anayepima ni mtahini. Tendo lenyewe ni kutahini. Neno lilitujia kutoka Kiarabu, na Waswahili wa pwani hawakulifungia darasani. Mtu akifiwa au akiugua kwa muda mrefu, jirani humwambia, "Huu ni mtihani, ndugu yangu." Nami jioni ile, nikiwa na daftari mkononi na mvua haitaki kukatika, nilikuwa mtahiniwa tena baada ya miaka mingi.

Niwaeleze wale walio nje ya Uganda uzito wa jambo hili. Mtahiniwa wa kidato cha sita hufanya masomo makuu matatu, mtihani wa Maarifa ya Jumla, na somo moja dogo, Hisabati au Teknolojia ya Habari. Alama ya A katika somo kuu ina pointi 6, B ina 5, na hivyo hivyo kushuka hadi E yenye 2. Chini yake ipo O yenye pointi 1, alama ya mtu ambaye hakuanguka lakini pia hawezi kujisifu kwamba alisimama. Masomo madogo mawili yana pointi moja moja. Jumla kubwa kabisa ni 20. Watahiniwa ni zaidi ya laki moja kila mwaka, na nafasi ambazo serikali hulipia katika vyuo vikuu vya umma ni kama 4,000 tu. Kwa mtoto wa mpakiaji wa saruji, pointi moja si tarakimu. Pointi moja ndiyo tofauti kati ya kuingia Makerere kwa gharama ya serikali na kurudi kubeba mifuko pamoja na baba.

Zamani mambo yalikuwa tofauti kidogo. Kuanzia mwaka 1967 palikuwa na Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, na kwa muda mtoto wa Tororo, wa Kisumu na wa Tanga walijibu karatasi ya baraza moja. Tanzania ilijitoa mwaka 1971, Kenya ikaanzisha baraza lake mwaka 1980, na sheria ya kuunda Baraza la Taifa la Mitihani la Uganda ikapitishwa mwaka 1983. Tuligawana mitihani, lakini wizi wa mitihani tumeendelea kuumiliki kwa pamoja. Hata msamiati tumeupanua kwa bidii ya ajabu. Wanafunzi wa Kenya kijikaratasi cha kuibia hukiita "mwakenya", jina la kundi la siri la kisiasa la miaka ya 1980 ambalo vijikaratasi vyake vilisambazwa kwa kificho. Wa Tanzania nao husema "kudesa". Laiti tungekuwa na juhudi hiyo katika kubuni istilahi za fizikia.

Nirudi kwenye daftari. Njia ya sheria ilikuwa wazi. Karatasi za mitihani hufungwa na kuhifadhiwa katika vituo vya polisi hadi asubuhi ya mtihani wenyewe, na sheria ya baraza ya mwaka 2021 imeongeza makali: kupatikana na karatasi ya mtihani isivyo halali kwaweza kumfikisha mtu kwenye kifungo cha miaka 10. Nilipaswa kulipeleka daftari lile kwa mkuu wa shule usiku ule ule. Sikulipeleka. Nililifunga, nikaliweka chini ya mengine, nikarudi nyumbani nikiwa nimelowa, na kwa siku mbili nikawa mtu wa kujibu maswali ambayo hayakuulizwa.

Nilijiambia kwamba labda ni kitu kingine, labda wanachangia keki ya kuagana. Nilijiambia kwamba nikisema watafukuzwa wote 19, na wazazi wao waliouza mbuzi watabaki na stakabadhi za ada. Kulikuwa na sababu nyingine pia, isiyo nzuri kuisema. Matokeo yanapotangazwa, magazeti huzipanga shule kwa wingi wa waliofaulu, na mwalimu ambaye somo lake limeanguka hutazamwa mkutanoni kama mtu aliyekanyaga kinyesi. Sauti ndogo ndani yangu ilisema: waache, huenda wakapata. Niliisikia sauti hiyo kwa uwazi kabisa, na ndiyo iliyonitisha kuliko orodha yenyewe, kwa sababu niliijua. Nilikuwa nimewahi kuisikia miaka mingi kabla.

Usiku wa pili, saa ya masomo ya usiku, umeme ulikatika. Wanafunzi wakaleta taa mbili za nishati ya jua wakaziweka juu ya meza yangu. Nilikuwa nimepanga kurudia methali na nahau. Badala yake nilimrudishia kijana yule daftari lake mbele ya wenzake, nikasema, "Nimesahihisha hata ukurasa wa mwisho. Pesa ni zilizobaki, na kitu ni kile." Sijapata kusikia kimya kama kile. Taa zilikuwa zinanimulika mimi, si wao, kwa hiyo sikuziona nyuso zao vizuri, na nadhani hilo lilinisaidia kusema yaliyofuata.

Niliwaambia kwamba mwaka 2003 nilikuwa mtahiniwa kama wao, katika shule nyingine. Baba alikuwa amefariki. Mama alitengeneza malwa. Wasomaji wa mbali wajue kwamba malwa ni pombe ya ulezi. Huwekwa ndani ya mtungi, humiminiwa maji moto, na wanywaji huuzunguka mtungi huo kila mmoja na mrija wake mrefu, wakizungumza hadi jua linapozama. Ada yangu yote, kuanzia kidato cha kwanza, ilipita katika mirija ile. Mama alikuwa akiukaanga ulezi juu ya bati kwenye moto wa kuni, na moshi ulikuwa umemfanya awe na macho mekundu ya kudumu, hata wageni walidhani analia.

Mwezi mmoja kabla ya mtihani, tulikuwa marafiki wanne. Mmoja wetu alimfahamu kijana mwenye kibanda cha kutoa nakala karibu na kituo cha mabasi, naye kijana huyo alimfahamu mtu aliyemfahamu mtu. Karatasi ya Uchumi, maswali manane, shilingi 100,000. Gawanya kwa wanne. Nilirudi nyumbani Jumamosi nikamwambia Mama kwamba mwalimu amesema kila mtahiniwa lazima awe na kitabu kipya cha Uchumi, shilingi 25,000. Hakuuliza kitabu kinaitwaje. Hakujua kusoma, angeuliza ili iweje? Aliingia ndani, akatoka na kitambaa kilichofungwa fundo, akazihesabu noti moja moja juu ya goti lake. Zilinuka ulezi. Ziliendelea kunuka ulezi hata nilipomkabidhi kijana wa kibanda.

Tulipata maswali yetu manane. Yalikuwa yamechapwa vizuri, hata maelekezo yalikuwa juu. Kwa wiki tatu sikugusa kitu kingine cha Uchumi. Niliyaandika majibu, nikayakariri, nikakariri hata tanzu za kuanzia aya. Siku ya mtihani niliifungua karatasi nikiwa na utulivu ambao sikuwahi kuwa nao kabla yake wala baadaye. Nikasoma swali la kwanza. Nikasoma la pili. Nikageuza nyuma, nikarudi mbele. Katika yale manane, lililokuja lilikuwa moja tu, kuhusu mfumko wa bei, nalo limegeuzwa lisifanane na letu. Nilimtazama rafiki yangu upande wa kulia. Alikuwa ameiweka kalamu chini, anatazama dari.

Nilipata O katika Uchumi. Nilikuwa nimeota kusoma sheria. Pointi zangu zilinipeleka kwenye ualimu, na Kiswahili, somo nililokuwa nimelichukua kwa sababu nililiona jepesi, ndilo lililoniokoa. Lakini si hilo nililoona vigumu kuwaambia. Matokeo yalipotoka, Mama alichinja jogoo. Kwake yeye nilikuwa nimefaulu: nilikuwa na cheti. Aliwaambia wateja wake wote, mbele yangu, "Huyu alisoma hata nikamhurumia. Mpaka kitabu kipya nilimnunulia." Nami nilikuwa nimeshika paja la jogoo yule. Nililila lote.

Niliwaambia wanafunzi kwamba sijawahi kumwambia mtu yeyote kisa hicho, na kwamba nimewaambia wao kwa sababu sitaki wapoteze wiki zilizobaki na pesa za wazazi wao kwa ajili ya matapeli. Niliona nimesema vyema. Kwa kweli nilianza hata kujionea fahari kidogo, kama mtu aliyevua vazi zito.

Ndipo msichana aliyeketi nyuma aliponyosha mkono. Katika orodha jina lake lilikuwa na neno "bado". "Mwalimu, naomba kuuliza. Karatasi ile ingekuwa ya kweli, leo ungetusimulia?"

Nilifikiri. Kama ingekuwa ya kweli ningekuwa wakili mahali fulani Kampala, nina gari, na nina hotuba nzuri kuhusu bidii. "Sidhani," nikasema.

"Basi, Mwalimu, hukujutia kuiba. Ulijutia kutapeliwa."

Hakusema kwa ufidhuli. Alisema kama mtu anayetoa jibu la hesabu. Hakuna aliyecheka. Kisha mweka hazina, ambaye hadi wakati huo alikuwa ameinamia daftari lake, aliinua kichwa akasema kwa sauti ya chini kwamba shule kubwa za Wakiso na Mukono zina maktaba, zina walimu watatu kwa somo moja, na sisi tuna kitabu kimoja kwa watu wanane. "Wao wameibiwa nini tukijisaidia?" Kengele ya kulala ikalia. Niliishukuru kengele ile.

Sitawaficha kwamba sikulala. Yule msichana alikuwa amegusa mahali penyewe. Kisa changu chote kilikuwa kisa cha mteja asiyeridhika na bidhaa. Tunapowaonya vijana kwamba karatasi za mitaani ni za uongo, tunawaambia nini zitakapokuwa za kweli? Na hutokea zikawa za kweli. Upande wa pili wa mpaka wetu, Kenya, mitihani ya kidato cha nne ya mwaka 2015 ilivuja kiasi kwamba serikali ilivunja bodi ya baraza lao la mitihani. Mwaka 2016 ulinzi ulikazwa, na waliopata A nchi nzima wakawa 141, ilhali mwaka uliotangulia walikuwa zaidi ya 2,600. Sisemi wote waliopungua walikuwa wezi. Mabadiliko ya usahihishaji na hofu pia huchukua fungu lao. Lakini katika zile A za mwaka 2015, nani alikuwa na yake na nani alikuwa na ya kununua? Hakuna awezaye kuwatenganisha tena. Hata aliyekesha kwa haki hubaki na cheti kinachotiliwa shaka.

Na suala la kitabu kimoja kwa watu wanane sikuwa na jibu lake, wala sina leo. Katiba yetu ya mwaka 1995 inasema katika Kifungu cha 30 kwamba kila mtu ana haki ya elimu, na katika Kifungu cha 17 inamtaja raia mwenye wajibu wa kupambana na ufisadi. Vifungu hivyo hufundishwa katika Maarifa ya Jumla, vizuri sana, kwa wanafunzi wanaochungulia kitabu kimoja juu ya mabega ya wenzao. Kijana yule alikuwa na haki ya kulalamika. Swali lilikuwa nani anayepaswa kulalamikiwa, na nani analipishwa.

Lugha ndiyo iliyonisaidia. Kipindi kilichofuata niliandika ubaoni vitenzi viwili: kuiba, kuibia. Nikawauliza tofauti yake. Wakajibu kama walivyofundishwa, kwamba cha pili kiko katika kauli ya kutendea. Nikawaambia waendelee. Kuiba huhitaji kitu: ameiba kuku, ameiba baiskeli. Kuibia huhitaji mtu: amemwibia jirani. Na kiambishi hicho ni kile kile kilichomo katika nimekupikia na nimekuletea, maneno ya upendo kabisa. Lugha haikukitenga kwa ajili ya wema. Kila tendo likivikwa kauli hiyo, lazima pawe na mtu upande wa pili anayelipokea, zuri au baya. Ukisema "nimeibia" ukanyamaza, sarufi yenyewe inakungoja: umemwibia nani?

"Anayenunua mtihani," nikauliza, "humwibia nani?"

Mmoja akasema serikali. Mwingine akasema baraza la mitihani. Kijana wa mbele akasema, kwa ukweli wake wote, "Hakuna."

Nikaandika ubaoni 4,000. Nikamtazama yule msichana wa nyuma, kwa maana jibu lilikuwa lake. Nikasema: nafasi hizi haziongezeki kwa sababu mmoja wetu amepata karatasi. Akiingia mmoja kwa dirishani, mmoja hutolewa mlangoni. Mwaka 2003 karatasi yangu ilikuwa ya uongo, kwa hiyo sikumtoa mtu. Lakini nilikuwa tayari kumtoa. Sijui angekuwa nani. Labda msichana wa Moroto aliyekuwa anasoma kwa kibatari, labda rafiki yangu mwingine darasani ambaye hatukumwalika kwa sababu hakuwa na 25,000. Niligeuka nikamwelekea mweka hazina. Mtoto wa Wakiso mwenye maktaba na walimu watatu, nikamwambia, hutamgusa. Atapata pointi zake 19 hata ukinunua. Utakayemsukuma ni yule aliye karibu nawe kwenye ngazi, mwenye 14 kama zako, na yeye naye ana kitabu kimoja kwa watu wanane.

Hakujibu. Nami sikudai jibu, nilitoa zoezi. Kila mmoja atunge sentensi tano akitumia kitenzi kuibia pamoja na kiambishi cha mtendewa. Nilitaka wapate umbo la kitenzi, na pia, nakiri, nilitaka kipindi kiishe kabla sauti yangu haijanisaliti.

Madaftari yalipokuja, nilianza na la msichana wa nyuma. Sentensi yake ya kwanza ilihusu kima na shamba la mahindi. Ya pili, mchuuzi na mizani. Ya tano ilisema: "Mwalimu wangu alimwibia mama yake." Nililisoma neno lile herufi kwa herufi: a-li-mw-ib-i-a. Kiima, wakati, mtendewa, mzizi, kauli, kiishio. Hapakuwa na kosa hata moja. Nikaiwekea alama ya vema.

Yaliyofuata hayakuwa makubwa. Mweka hazina alikuja kwangu Ijumaa, peke yake. Waliokuwa wamelipa walikuwa 13, jumla shilingi 260,000, na nusu yake ilikwisha kutumwa kwa simu kama malipo ya awali. Namba ile haikupatikana tena. Alikuwa amemrudishia kila mmoja 10,000, na nusu iliyopotea aliahidi kuilipa mwenyewe akianza kibarua baada ya mitihani. Nilimwambia deni hilo ni la wote waliokubali. Akasema orodha iliandikwa kwa mkono wake. Sikumripoti, yeye wala wenzake. Najua wapo watakaosoma hapa na kusema kwamba mwalimu wa uraia aliyejificha nyuma ya sarufi alikwepa wajibu wa raia, na sina ubishi mkali nao. Nilipima uharibifu wa kusema na wa kunyamaza, nikachagua, na huenda nilichagua kwa moyo wa yule kijana wa mwaka 2003 kuliko kwa kichwa cha mtu mzima.

Kuhusu kitabu kimoja kwa watu wanane, tulifanya jambo dogo. Mtihani wa Kiswahili wa darasa hilo ulijumuisha uandishi wa barua rasmi, na kwa kuwa walihitaji mazoezi, niliwaambia waiandikie bodi ya shule barua ya kweli badala ya ile ya kubuni kwa "Meneja, Kampuni ya Fulani". Waliandika 23. Tuliichagua moja, tukaitafsiri kwa Kiingereza, wote wakaitia sahihi. Mwanzoni mwa Novemba vilifika vitabu sita. Sita si vingi. Lakini msichana yule alikuja kuniuliza kama neno "vimeletwa" lingetosha katika barua ya shukrani, au "vimeletewa sisi". Nikamwambia aseme "tumeletewa vitabu", na akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu ule usiku.

Mwalimu wa somo haruhusiwi kukaribia chumba cha mtihani wa somo lake. Kwa hiyo siku ya Kiswahili nilikaa chini ya mwembe ulio mbali, nikatazama mstari wao ukiingia, kila mmoja na kalamu mbili na kitambulisho, baada ya kupekuliwa hadi ndani ya soksi. Mweka hazina alikuwa wa tatu. Aligeuka mara moja kutazama mwamba, kama afanyavyo kila mtu wa Tororo anapotaka kujua iwapo mvua itanyesha.

Mitihani ilipomalizika nilikwenda kijijini. Mama ni mzee sasa, ameacha biashara, lakini mtungi mmoja bado yuko nao kwa ajili ya wageni wa Jumapili. Tulikaa nje, nikachezea mrija bila kunywa. Nikamweleza: kibanda, maswali manane, kitabu ambacho hakikuwapo. Nilimweleza kwa Kidhopadhola, lugha ambayo sijui kusitiri mambo ndani yake.

Alinyamaza muda mrefu, na kwa sababu ya yale macho yake sikuweza kujua. Kisha akaanza kuhesabu kwa vidole. Nilidhani anahesabu miaka. Kumbe alikuwa akitafuta bei ya ulezi ya mwaka ule. "Madebe manne," akasema hatimaye. "Yalikuwa madebe manne, na nusu ya la tano." Akainuka, akaenda kumtazama kuku aliyekuwa akitaga.

Mwezi wa Januari nilimpelekea madebe mawili. Aliyapokea, akaingiza mkono ndani ya gunia hadi kwenye kiwiko kuona kama ni makavu, akasema yamebaki mawili na nusu.